Dharura ya mkulima, starehe ya mwindaji

KUNA hoja moja ambayo ukiitoa mbele ya watu, wengi wataikubali bila kuihoji: mnyama mharibifu anauawa. Hakuna anayemsikitikia panya wa ghalani, wala nyoka aliyeingia chumba cha watoto. Sheria za nchi zinaruhusu, dini inaruhusu na akili ya kawaida inaruhusu. Mimi pia naikubali. Ninachotaka kukijadili wiki hii ni swali linalofuata baada ya hapo, ambalo watu hawajisumbui nalo. Hiyo ruhusa ya kumuua mharibifu ni ya nani? Ni ya yule ambaye mali yake inaharibiwa, au ni ya kila mwenye silaha na siku ya mapumziko?

Swali lenyewe limenijia kutoka mbali. Mpwa wangu yuko Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka wa nne sasa, anafanya kazi ya kupanga mizigo katika ghala. Mwezi wa tatu mwaka huu mfanyakazi mwenzake, Mmarekani aliyekulia shamba na mtu mwema kwa maelezo yake, alimwalika waende kuwinda mnyama fulani anayeishi katika mashimo kwenye mashamba ya soya. Silaha inayotumika si bunduki ndefu bali bastola, iliyofungwa darubini juu yake. Nyama hailiwi. Mnyama akishapigwa huachwa palepale, tumbusi na mbweha wakamalizana naye. Kijana alitaka kujua kama aende.

"Mjomba," aliniambia, "mkulima mwenyewe ndiye anayeomba wauawe. Anafungua geti na anashukuru. Sasa ubaya uko wapi?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja na simu ikakatwa. Lakini neno moja hapa lingekuwa uvivu, kwa sababu hoja yake ina uzito. Nikaomba siku chache, na haya ndiyo niliyoyapata katika kuyatafakari.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ni marmota, jamii moja na kindi, ingawa ukimwona kwa mbali utadhani ni pimbi aliyenenepa. Uzito wake ni kilo 2 hadi 6. Ana miguu mifupi, kucha za kuchimbia na meno ya mbele yasiyoacha kukua. Anapatikana mashariki ya Marekani na sehemu kubwa ya Kanada. Shimo lake lina mlango mkubwa wenye lundo la udongo pembeni, na mara nyingi mlango wa pili uliofichika katika majani, usio na lundo, wa kutorokea. Majira ya baridi yote anayapitisha humo ndani, katika usingizi ambao si huu wetu: joto la mwili linashuka karibu na baridi ya udongo unaomzunguka, na moyo unabaki na mapigo machache tu kwa dakika.

Wamarekani wenyewe wana mambo naye. Kila tarehe 2 Februari, katika mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, watu wazima waliovaa suti na kofia ndefu humtoa marmota mmoja mbele ya umati na kamera, eti atabiri kama baridi itaendelea. Mchezo huo wanauhesabu tangu mwaka 1887. Mwezi mmoja baadaye, katika jimbo hilohilo, ndugu zake wanapigwa risasi mashambani na sheria haiweki kikomo cha idadi. Ohio ni vivyo hivyo. Msimu wa kumwinda uko wazi karibu mwaka mzima.

Chuki hii haikuzuka bure. Marmota anakula soya ikiwa bado miche, anakula majani ya malisho ya ng'ombe, na bustani ya mboga anaweza kuimaliza. Lakini ukimsikiliza mkulima, analilalamikia shimo kuliko anavyoulalamikia mdomo. Gurudumu la mtambo wa kuvunia likitumbukia, ekseli inakatika katikati ya mavuno. Ng'ombe au farasi akiingiza mguu, mguu unavunjika. Akichimba chini ya msingi wa banda, ukuta unapata nyufa. Mwaka 1883 bunge la jimbo la New Hampshire liliunda kamati nzima kwa ajili ya kumshughulikia, ikawekwa zawadi ya senti 10 kwa kila mmoja atakayeuawa, isipokuwa atakayeuawa siku ya Jumapili. Huo mstari wa Jumapili umenifurahisha. Hata katika hasira yao walikumbuka kwamba kuna siku mkono unapaswa kutulia.

Msomaji asidhani haya ni ya huko tu. Mkulima wa mihogo hapa pwani anajua nguruwe mwitu anavyoweza kufukua katika usiku mmoja jasho la miezi minane. Waislamu wa mwambao wamewasaka nguruwe kwa mbwa na mikuki tangu enzi za babu zetu, na nyama hawaigusi. Sijapata kusikia shekhe aliyewakemea kwa hilo. Katika mafundisho yetu wametajwa wanyama watano wenye madhara, wakiwamo panya, nge na mbwa mkali, ambao hata aliye katika ihramu anaruhusiwa kuwaua, na hakuna aliyeambiwa awale. Kwa hiyo wale wanaotaka kumaliza mjadala kwa kusema "haliwi, basi asiuawe" nawaomba hoja hiyo waiweke chini. Haitoshi.

Sasa tuje kwenye bastola, maana hapo ndipo nilipokwama.

Bunduki ndefu inaegemezwa begani na shavuni. Mtu makini, akiwa ametulia, anaweza kumpiga mnyama huyu mahali pa kufia kutoka mita 150, na akarudia. Bastola inashikwa mbali na mwili. Darubini yake imetengenezwa maalumu ili jicho lione kutoka urefu wa mkono ulionyooshwa, na inakuza kila kitu: inamkuza mnyama, na inakuza pia mtetemo wa mkono. Pumzi inaisogeza. Pigo la moyo linaisogeza. Na hizi si bastola za polisi tunazozijua. Mwaka 1963 kampuni ya Remington ilianza kuuza iliyoitwa XP-100, yenye komeo kama la bunduki, ya risasi moja kwa wakati mmoja, iliyokusudiwa hasa kwa wanyama waharibifu wadogo. Mwaka 1967 ikafuata Contender ya kampuni ya Thompson/Center, nayo ya risasi moja, ambayo mwenyewe anaweza kuibadilisha mtutu akatumia risasi za aina mbalimbali, zikiwamo za bunduki. Wapo waliozeeka na silaha hizi, na ni mafundi kwelikweli. Wanaiegemeza juu ya mfuko wa mchanga, wanasubiri saa nzima, na wakiona umbali si wao hawafyatui.

Ukimuuliza mtu huyo kwa nini aache bunduki ndefu achukue bastola, atakujibu bila kuficha: bunduki imekuwa rahisi mno, hakuna tena la kujipima nalo. Ni jibu la kweli, na naliheshimu kwa ukweli wake. Lakini tulitazame kwa makini. Maana yake ni kwamba uhakika wa kuua haraka umepunguzwa kwa makusudi, na anayelipia upungufu huo si mpigaji. Mpigaji akikosa kabisa, anacheka na kupakia nyingine. Akipata nusu, kwenye nyonga au kwenye taya, mnyama anajikokota anaingia shimoni, na shimo hilo huenda chini mita moja au zaidi. Nani atachimba? Mnyama atakufa humo kwa muda wake, gizani, na mwindaji ataandika "labda" katika daftari lake.

Sisi tumefundishwa kwamba hata unapochinja, kitendo ambacho ni halali moja kwa moja, unoe kisu na umpumzishe mnyama. Mafundisho hayo yamo katika Sahihi Muslim na kila mchinjaji anayajua. Sasa fikiria mchinjaji anayesema: kisu kikali nimekizoea, leo nitatumia butu kidogo nione kama mkono wangu bado unaweza. Hata akifanikiwa, hata mbuzi akifa upesi kama siku zote, tutamwona vipi mtu huyo? Nadhani tutamnyang'anya kisu. Si kwamba amevunja sharti la uchinjaji. Tatizo ni kwamba amemgeuza mbuzi kuwa mtihani wake.

Mpwa wangu alinikatiza hapa niliporudi kuzungumza naye. Alisema mkulima ameridhia, na ni shamba lake. Nikamkumbusha kisa cha Ibn Umar, ambacho nina hakika alisomeshwa madrasa. Aliwapita vijana wa Kikureshi waliokuwa wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Wengi tunakumbuka kisa mpaka hapo. Lakini katika mapokezi yake kuna jambo dogo ambalo husahauliwa: kila mshale uliokosa ulikuwa unakwenda kwa mwenye ndege. Yaani mwenye mali alikuwapo katika mpango, ameridhia, na ana fungu lake. Ridhaa yake haikubadilisha chochote.

Najua tofauti iliyopo. Ndege yule alifungwa na hakuwa amemdhuru mtu, marmota yuko huru na anadhuru. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Ninachosema ni kwamba ridhaa ya mwenye shamba ni jibu la swali la nani aingie getini, na swali la namna gani mnyama auawe linabaki lilivyokuwa.

Na kama kinachotafutwa ni ufundi, kipo mahali pake. Mwaka 1976 huko Marekani kiliundwa chama cha mashindano ya kulenga vinyago vya chuma kwa bastola. Kuku wa chuma yuko mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. Ukipiga sawasawa kinyago kinaanguka na mlio wake unausikia. Mkono ni uleule na pumzi ni ileile inayozuiwa, na kondoo wa mita 200 ni mgumu kuliko marmota wengi. Kwa nini basi chuma hakitoshi? Hili ni swali ambalo mwindaji anapaswa kujiuliza akiwa peke yake, kwa sababu majibu yake mengine si ya kusemwa hadharani. Yapo mazuri pia: atasema shambani kuna alfajiri, umande, ndege wanaorudi kutoka kusini, na kazi ya kumsoma mnyama anapotoka na anapoingia. Naamini. Lakini vyote hivyo anavipata mwenye darubini isiyo na bastola chini yake.

Kuna suala la majira, nalo kwangu ni zito kuliko silaha. Mwanzo wa majira ya machipuko ndio wakati unaopendwa. Majani ni mafupi, soya haijapandwa, na mnyama anaonekana waziwazi amekaa juu ya lundo lake akiota jua baada ya miezi ya kulala. Madume hutangulia kutoka, wengine tangu Februari, wakizunguka kutafuta mashimo ya majike. Kupandana ni Machi zaidi. Mimba huchukua mwezi mmoja na siku moja au mbili. Watoto, mara nyingi wanne, huzaliwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, vipofu na bila manyoya, na hunyonya kwa wiki kama sita. Wakati wote huo hawatoki shimoni.

Msomaji ameshaona ninakoelekea. Jike anayepigwa risasi wiki ya mwisho ya Aprili amekufa mara moja, pengine bila kusikia kitu. Wanne walioko chini hawakufa. Hakuna anayewaona, hakuna anayewahesabu, na jioni hesabu itasema "mmoja". Kutoka mita 150, hata kwa darubini nzuri, dume na jike hawatofautishwi kwa urahisi. Anayewinda wiki hizo hawezi kujitetea kwamba hakujua. Anayeijua tabia ya mnyama kiasi cha kumvizia anajua pia kwamba amezaa. Kama dharura ni ya kweli, basi kuna nafasi: wiki za kwanza za Machi kabla ya kuzaliwa watoto, au katikati ya kiangazi wakishaanza kujitegemea. Katika nafasi ya kwanza kuna majike wenye mimba, hilo silifichi. Lakini kati ya kuua na kuacha wachanga wafe njaa gizani, mimi naona tofauti, na sidhani nahitaji kitabu kunionyesha.

Wapo watakaosema nimewaonea wawindaji, huku sisi wa mjini tunakula kuku wa kisasa aliyeishi wiki sita bila kuona ardhi, na hatuulizi alisafirishwaje, juu ya pikipiki, miguu juu kichwa chini. Hoja hiyo siikwepi. Anayekula chipsi kuku kila jioni kisha akamwita mwindaji wa Ohio mkatili anapaswa kwanza kuangalia sahani yake. Marmota yule ameishi maisha ya marmota mpaka sekunde ya mwisho, kuku wetu hakuishi maisha ya kuku hata siku moja. Lakini dhambi ya sahani yangu haiwi hati ya kumruhusu mwingine. Zinabaki mbili. (Na watoto wetu wenye manati huku uswahilini, wanaoangusha ndege na kumtupa, nao wako katika kundi hili. Wazazi wanawatazama barazani na kuwasifia shabaha.)

Hatimaye nilimpa mpwa wangu kipimo kimoja tu. Nilimwambia: mfikirie huyo rafiki yako anafika shambani Machi ijayo, mkulima anamwambia, "Pole, mwaka huu hawapo. Mbweha wameongezeka, na mashimo yote nimeyafukia." Rafiki yako atafurahi au atahuzunika? Zima moto akifika akaambiwa moto umeshazimwa anashukuru Mungu na kugeuza gari. Daktari akikuta homa imeshuka hasikitiki. Aliyekuja kuondoa madhara hawezi kusononeka kwa kuwa madhara yameondoka. Lakini kama yule bwana ataduwaa, atauliza kama jirani wanao, ataingia garini kutafuta shamba lingine lenye madhara, basi tumejua kilichomleta. Alikuja na haja yake mwenyewe, na dharura ya mkulima alikuwa ameiazima kama koti.

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema jamaa huyo hujizuia asimalize shamba, ili mwakani wawepo wengine. Sikuwa na la kuongeza.

Bado kuna hoja iliyobaki, na ndiyo ngumu kuliko zote. Wakulima wengi huko hawangoji mwindaji. Hununua kopo lenye nitreti ya sodiamu na mkaa, huliwasha, hulisukuma shimoni na kuziba milango yote miwili. Moshi wake una kaboni monoksaidi, na walioko ndani, mama na watoto, wanakufa pamoja. Hapana risasi iliyokosa na hapana yatima aliyeachwa. Hapana pia kulenga, wala kujizuia, na kama humo alikuwamo sungura au mbweha aliyepanga chumba, naye hatoki. Mwindaji anaweza kuniambia kwamba risasi yake nzuri ina huruma kuliko kopo hilo, na katika shimo moja moja huenda akawa sahihi. Mtu anayetaka kuhukumu kwa maumivu ya mnyama peke yake itabidi asumbuke sana na mizani hapa, na mimi nimesumbuka.

Hata hivyo naona mambo mawili hayachanganyiki. Mkulima wa kopo anajua ni shimo lipi, liko chini ya banda lipi, na litamgharimu nini. Lililoko kando ya msitu, lisilomzuia kitu, kwa kawaida analiacha, kwa sababu kopo linanunuliwa na siku ina kazi nyingine. Mahitaji yake yana mwisho. Akishaziba mlango wa pili anakanyaga udongo, anafuta mikono kwenye suruali, na anarudi kwenye trekta. Hapimi umbali, na hakuna anayemwita aje apige picha.